Sarakasi Kabatini: Juu ya Amana ya Kitu Kilichoundwa Ili Kicheze

Makumbusho ya Whitney jijini New York yanamiliki sarakasi nzima iliyowahi kusafirishwa ndani ya masanduku. Yumo simba na mfunzi wake, farasi na mpanda farasi, mmeza upanga, mbeba vyuma, chale, na wanasarakasi wa bembea. Wote wameundwa kwa waya, vipande vya mbao, vizibo vya chupa, vitambaa, ngozi, vifungo, uzi na mipira, yaani vile vikorokoro ambavyo katika nyumba nyingi husubiri siku ya kutupwa. Aliyewaunda, Mmarekani Alexander Calder, hakuwaunda watazamwe wakiwa wamesimama. Simba alipaswa kuruka, upanga umezwe, chuma kinyanyuliwe, na mtu wa bembea aachie mikono yake angani. Leo hawafanyi hivyo. Waya umechoka, nguo zimedhoofika, na mwenye mkono uliowachezesha alifariki mwaka 1976. Kuwachezesha sasa ni kuwavunja.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo fasihi na maadili hulirudia kwa sura mbalimbali. Kitu kilichoundwa ili kiende, kikizuiwa kwenda ili kisivunjike, kimeokolewa, au kimepotezwa kwa njia ya upole zaidi? Na mwenye kukishika ana wajibu gani: kwa kitu chenyewe, kwa aliyekiunda, au kwa mtoto anayesimama mbele ya kioo akiuliza mbona yule mtu wa waya haruki?

Yamkini msomaji akaona kwamba mizani nzito imeletwa kupimia vichezeo. Lakini vichezeo vya vikorokoro vina faida moja kwa mwenye kufikiri. Taji la dhahabu likilindwa, ni vigumu kujua kinacholindwa ni kazi ya sonara au bei ya dhahabu. Kizibo cha chupa hakina bei. Kikilindwa, hakuna pa kujificha: ama kinacholindwa ni kitendo cha mtu aliyekigeuza kizibo kuwa tumbo la mpanda farasi, ama hakuna kinacholindwa.

Calder alizaliwa mwaka 1898 katika ukoo wa wasanii. Babu yake na baba yake walikuwa wachongaji, na mama yake alikuwa mchoraji. Hata hivyo yeye alisomea uhandisi wa mitambo, akahitimu mwaka 1919, na ndipo akarudi kwenye sanaa. Mwaka 1925, akilichorea gazeti moja la New York, alikwenda kuichora sarakasi ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey. Mwaka uliofuata alihamia Paris, na huko akaanza kuunda sarakasi yake mwenyewe, mtu mmoja mmoja na mnyama mmoja mmoja, kazi aliyoiendeleza hadi mwaka 1931. Mwanzoni ilitosha katika masanduku mawili ya safari. Mwishowe yakawa matano.

Onyesho lilifanyika sakafuni. Calder, mtu mnene mwenye mikono mipana, alipiga magoti kando ya ulingo, akavuta nyuzi, akazungusha vikono, akaachia springi, akanguruma kwa niaba ya simba na kuwatangaza wachezaji wake kama afanyavyo mkuu wa sarakasi. Baadaye mkewe, Louisa, alishughulikia santuri za muziki. Miongoni mwa waliowahi kukaa mbele ya ulingo huo walikuwemo Joan Miró, Fernand Léger, Piet Mondrian na Marcel Duchamp. Watu wa bembea waliachiana angani, na safari nyingine mmoja hakumdaka mwenzake. Watazamaji hao, waliokuwa na elimu ya sanaa kuliko watu wengi wa zama zao, walizuia pumzi kwa ajili ya waya uliovishwa kitambaa.

Walizuia pumzi kwa nini? Aristotle, katika Metafizikia, anavitaja vidude vinavyojiendesha kuwa mfano wa mshangao ambao ndio mwanzo wa falsafa: mtu hushangaa kwa kuwa bado hajaijua sababu, na akiijua mshangao huisha. Sarakasi ya Calder inautikisa mfano huo. Pale sababu haikufichwa. Uzi ulionekana, mkono ulionekana, na kila mtu alijua ni nani anayenguruma. Mshangao haukuisha, kwa kuwa haukutokana na kutojua. Ulitokana na kuona mambo mawili kwa jicho moja: kizibo ni kizibo, na wakati huohuo ni mtu anayeogopa kuanguka. Mwanaanthropolojia wa Kifaransa Claude Lévi-Strauss, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu fikra za kale, alimtofautisha mhandisi na fundi wa vikorokoro. Mhandisi huagiza vifaa kulingana na alichokusudia; fundi wa vikorokoro huanza na vilivyomo ndani ya nyumba, vyenye historia zao, akavisikiliza vinaweza kuwa nini tena. Calder alikuwa na cheti cha wa kwanza na mazoea ya wa pili. Vifaa vyake havikuyasahau maisha yao ya awali, na mtazamaji naye hakuyasahau.

Basi sarakasi hiyo ilikuwa na sehemu tatu: vidude vyenyewe, mkono ulioviendesha, na hatari ya kukosea. Hii ya tatu si pambo. Mtu wa bembea asiyeweza kuanguka si mtu wa bembea, ni saa ya ukutani. Kabati huhifadhi sehemu ya kwanza. Filamu zilizopigwa Calder akiwa hai, ya Jean Painlevé ya mwaka 1955 na ya Carlos Vilardebó ya mwaka 1961, zimehifadhi sura ya sehemu ya pili. Ya tatu haihifadhiki popote, maana katika filamu kila anguko limekwisha kutokea, na kila aliyedakwa atadakwa milele.

Kabla ya kuwalaumu walinzi wa makumbusho, inafaa hoja yao isikilizwe kwa uadilifu, kwa sababu ni hoja nzito. Lau sarakasi ingeachwa ichezwe, ingekuwa imekwisha zamani, na swali hili lisingekuwa na wa kuliuliza. Walio hai leo hawana haki ya kutumia kila kitu hadi kikaisha, eti kwa kuwa wao ndio waliotangulia kuzaliwa. Tena Calder mwenyewe, kabla ya kufariki, aliiazimisha sarakasi yake kwa Whitney, na makumbusho hayo yakainunua mwaka 1983. Kwa hiyo hakupokonywa. Na mkono mwingine ukiwachezesha watu wake, nani atasema kwamba hiyo ni sarakasi ya Calder? Mlinzi aweza kudai kwamba kwa kuisimamisha anamtendea marehemu adabu: anakataa kumwigiza.

Lugha ya Kiswahili ina maneno matatu ya zamani yanayosaidia kulipima jambo hili, na yote matatu yamekomaa katika mahakama na mabaraza ya pwani kabla ya kuingia katika mazungumzo ya kawaida. Maneno hayo ni amana, azima na wakfu.

Anayepewa amana anapewa kitu akilinde, asikitumie. Siku mwenyewe akirudi, atakipokea kama alivyokiacha. Sifa ya mwaminifu ni kutogusa. Anayepewa kwa azima hupewa kitu akitumie na kukirudisha. Na kwa kawaida ya fikihi, kuchakaa kunakotokana na matumizi aliyoruhusiwa hakumtii hatiani. Aliyeazima shoka hashitakiwi kwa kuwa limepungua makali. Wakfu ni jambo la tatu: asili ya kitu huzuiwa, isiuzwe wala isirithiwe, na manufaa yake huachiwa yatiririke. Shamba la minazi likiwekwa wakfu, nazi huangushwa kila msimu na minazi hubaki. Kisima hutekwa na kisima hubaki. Msahafu husomwa na msahafu hubaki. Ndiyo sababu wanafikihi wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, walishurutisha kwamba kitu kinachowekwa wakfu kiwe kinanufaisha huku chenyewe kikidumu. Chakula hakiwekwi wakfu, kwa kuwa kukila ni kukimaliza. Mshumaa wa kuwashwa nao una hukumu hiyohiyo.

Sasa kichezeo cha waya na vizibo kiwekwe wapi? Makumbusho hupenda kujieleza kwa lugha inayokaribiana na ya wakfu: mali ya umma, haiuzwi ovyo, manufaa yake ni ya wote. Lakini kichezeo kimekaa baina ya mnazi na mshumaa. Kila mchezo hukila kidogo. Uzi hukatika, springi hulegea, kidole cha waya hupinda na kunyooshwa mpaka siku moja kikatike. Alipokuwa hai, Calder hakulazimika kuchagua, maana fundi na mchezaji walikuwa mtu mmoja. Kilichoharibika jioni angeweza kukitengeneza asubuhi. Alipoondoka, vidude vikabaki bila tabibu wao, na mlinzi akalazimika kuvigeuza kutoka wakfu kuwa amana. Akaacha kutoa manufaa ili aokoe asili. Hakutenda dhambi. Lakini ukweli unamtaka akiri kwamba alichokitoa kwa umma baada ya hapo si manufaa yaleyale. Shamba la minazi lisiloangushwa nazi ni mandhari nzuri. Haliwezi kuitwa shamba.

Ugumu huu hautoki katika sanaa ya matajiri wa Paris peke yake. Katika vijiji na mitaa ya Tanzania na Kenya, kama katika sehemu nyingi za Afrika, watoto wameunda magari ya waya na ya makopo kwa vizazi kadhaa. Waya hupatikana popote unapopatikana. Magurudumu ni vizibo vya soda, au makopo ya rangi ya viatu, au vipande vilivyokatwa kutoka katika kandambili iliyokatika. Magari yaliyo mazuri zaidi yana fimbo ndefu ya waya inayopanda kutoka ekseli ya mbele hadi kiunoni mwa mtoto, na juu yake usukani. Mtoto hukimbia akiwa amesimama wima nyuma ya gari lake. Akiuzungusha usukani, magurudumu ya mbele hugeuka. Kwa mtazamo wa uhandisi hilo ni jambo kubwa: mwendo wa mkono umesafiri hadi chini na kubadilisha njia ya kitu. Kwa mtazamo wa mtoto, ni basi la kwenda mjini.

Gari hilo halidumu, na hakuna anayetarajia lidumu. Likivunjika, magurudumu huingia katika gari jipya, waya hunyooshwa kwa jiwe, na kasoro ya gari la kwanza huwa somo la gari la pili. Kititia cha ukuti ni mfano ulio wazi zaidi. Mtoto wa pwani hukikunja asubuhi, hukishika dhidi ya upepo na kukimbia, na jioni ukuti umekauka. Hakuna aliyewahi kukifanyia kititia matanga. Kesho kuna ukuti mwingine, na muhimu zaidi, kuna vidole vinavyojua kuukunja. Vidole hivyo vilifundishwa na kaka au binamu, bila darasa na bila kitabu.

Hapa panahitajika tahadhari, kwa kuwa ni rahisi kuanza kuusifu umaskini. Calder aliichagua takataka. Angeweza kununua shaba. Mtoto wa gari la kopo aghalabu hakuchagua. Kumsifu kwa ubunifu wake na kunyamaza kuhusu kilichomfanya awe na kopo tu ni namna ya kumdhulumu kwa maneno matamu. Makumbusho kadhaa ya Ulaya na Marekani yamekusanya magari ya waya kutoka Afrika, na magari hayo yamesimama nyuma ya vioo kama watu wa bembea wa Calder, aghalabu bila hata jina la mtoto aliyeyaunda. Yamepoteza mkono na hatari kama sarakasi ilivyopoteza, na zaidi ya hapo yamempoteza mwenyewe. Anayejadili maadili ya kuhifadhi hana budi kuanza na jina hilo lililokosekana.

Pamoja na tahadhari hiyo, mtoto huyo anajua jambo ambalo mlinzi wa kabati hawezi kulitenda, hata akilijua. Anajua kwamba kinachostahili kuwekwa wakfu si gari. Methali isemayo “ukiona vyaelea, vimeundwa” huchukuliwa aghalabu kuwa onyo kwa mwenye kutamani mafanikio bila jasho, lakini ina fundisho jingine: inaliondoa jicho kwenye chombo na kulipeleka kwa fundi. Chombo huzama, huoza, huliwa na mchwa. Kinachonufaisha huku kikibaki ni ule ujuzi wa kuunda, nao unatimiza sharti la wanafikihi kuliko minazi yenyewe, kwa kuwa mnazi hudumu na kuzeeka, lakini ujuzi ukitumika huongezeka. Aliyewafundisha wenzake watano kukunja kititia hakupungukiwa. Adui yake ni kutotumiwa. Kabati, ambalo ni rafiki wa kitu, ndilo kaburi la ujuzi.

Kutokana na hayo wajibu hugawanyika, na kosa kubwa katika mjadala wa kuhifadhi ni kuuweka wote juu ya bega moja. Kuna wajibu kwa kitu, na kuna wajibu kwa kitendo. Wajibu kwa kitu ni wa wachache, wenye vyumba vyenye hewa iliyopimwa na mikono yenye glavu. Wanautekeleza vizuri wanapokataa kuwachezesha watu wa Calder. Wajibu kwa kitendo ni wa wote waliobaki, nao hauwezi kutekelezwa na makumbusho kwa niaba yao, kama vile mtu asivyoweza kumwajiri mwingine amsaidie kucheka. Jamii inayojenga kabati na kuacha kuunda hujidanganya kwamba imehifadhi. Jamii inayoendelea kuunda yaweza kuwa na kabati pia bila madhara, kwa sababu kinachokaa mle ni kumbukumbu ya jambo ambalo bado linaishi nje.

Atakayepinga atasema kwamba jibu hili ni jepesi mno. Sarakasi mpya ya vizibo, hata ikiundwa na fundi hodari, haitakuwa ile iliyomzuia pumzi Miró. Mkono wa Calder ulikuwa mmoja, na uliondoka nao ule mtetemo wake, ile haraka yake, na namna yake ya kunguruma. Pingamizi hili ni la kweli, na halipaswi kufunikwa kwa faraja. Kuna kitu kilichokufa. Kuendelea kuunda hakukifufui, kama vile kuzaliwa kwa mtoto kusivyomrudisha babu. Kinachodaiwa hapa ni kidogo kuliko ufufuo: kwamba mbele ya kifo hicho njia ya heshima ina sehemu mbili, kukubali kwamba mkono ule hautarudi, na kutokubali kwamba mikono yote imekufa pamoja nao. Kabati lililoandikwa kwa unyofu lingemwambia mtazamaji kwamba anachokiona ni thuluthi ya kitu. Pembeni yake, bila gharama kubwa, ingewekwa meza yenye waya, vizibo, uzi na koleo.

Mizani hii inawagusa kwa namna ya pekee wasomaji wanaoishi mbali na walikozaliwa wao au wazazi wao. Katika nyumba nyingi za Waswahili huko Muscat, London au Minneapolis kuna rafu ya nyumbani: jahazi dogo la mbao, kikapu cha ukili, na pengine gari la waya lililonunuliwa dukani siku ya kurudi safari. Rafu hiyo ni kabati la kioo lisilo na kioo. Kinga yake ni neno moja, “usiguse,” na mwenye kulitamka ana haki: kitu kimesafiri mbali, na hakuna kingine. Ila mtoto wa nyumba hiyo anaona magurudumu. Anaona usukani. Akizuiwa siku zote, atajifunza kwamba vitu vya kwao ni vile vinavyotazamwa, na vile vya dukani ndivyo vinavyochezewa. Na somo hilo atalitumia baadaye kwa mambo mengine, ikiwemo lugha ambayo bibi yake huizungumza kwenye simu.

Mzazi hapaswi kumkabidhi gari la rafuni alivunje. Gari lile laweza kubaki amana, na mtoto aambiwe kwamba ni amana na kwa nini. Lakini nyumba za ughaibuni nazo zina vikorokoro: vizibo vya chupa za maji, maboksi ya nafaka za asubuhi, vibanio vya nguo, waya wa kutundikia makoti uliorudi na suti kutoka kwa dobi. Anayejua namna fimbo ya usukani inavyofungwa kwenye ekseli ya mbele aketi sakafuni aifunge. Asiyejua ampigie simu mjomba anayejua. Gari litakalotoka hapo huenda likapinda upande mmoja na kugongana na miguu ya meza. Mtoto atauliza linavyonyooshwa, na atapaswa kuoneshwa kwa vidole.